Waliokufa Voi walikuwa wawili: juu ya wanaofuatilia maisha ya pili ya ndege za zamani



Kuna kazi moja ambayo watu wa Ulaya, hasa Waingereza, wanaifanya kwa moyo wote, na hapa Bunia hatuijui sana. Mtu anachukua ndege moja ya zamani, tuseme ya 1930 ama 1940, ile yenye mabawa ya juu na ya chini, miti ndani na kitambaa nje, ambayo jeshi liliitumia kufundishia vijana kuruka. Halafu anauliza: vita vilipokwisha, ilikwenda wapi? Nani aliinunua? Ilibadilishwa namba mara ngapi? Ilianguka wapi? Anaandika mstari kwa mstari mpaka mwisho wake. Nimesoma kazi za namna hiyo kwa muda, pamoja na vitabu na filamu zinazokaa karibu nazo. Leo nataka kusema nini ndani yake ni kizuri na nini kinanikera. Naomba msiseme mapema kwamba haya ni mambo ya wazee wa Ulaya wenye pesa ya kuchezea. Yanatugusa sisi watu wa Ituri kuliko wao wenyewe wanavyofikiri.

Kwanza, juu ya nini ndege za mafunzo? Juu zilikuwa nyingi na rahisi. Tiger Moth ya kampuni ya de Havilland iliruka mara ya kwanza Oktoba 1931, na zikatengenezwa zaidi ya 8,000. Ilikuwa na mota moja ya nguvu ya farasi 130, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, na haikuwa na paa. Kijana alikaa, mwalimu alikaa, upepo ukawapiga usoni. Vita vilipokwisha, majeshi yakabaki na mali ambayo hayakuihitaji tena, na bei ikaanguka. Nyingine zilinunuliwa na vilabu vya kuruka. Nyingine zilikwenda New Zealand kumwaga mbolea juu ya milima ya malisho. Nyingine ziliingia kwenye filamu na kujifanya ndege za Wajerumani. Stearman ya Wamarekani ilipata bahati ileile: baada ya jeshi, nyingi zilinyunyizia dawa kwenye mashamba ya pamba na mpunga.

Kuna kitu hapa ambacho mtu wa Bunia anakielewa bila kufundishwa. Anayenunua moto ya mkono wa pili hatazami rangi. Anainama, anatafuta namba ya shasi, anauliza makaratasi, anauliza ilikuwa ya nani na ilipata ajali wapi. Hawa wafuatiliaji wa ndege wanafanya vilevile. Wanaanza na namba ya kiwandani, wanaunganisha na namba ya jeshi, halafu herufi za kiraia. VP-K ilikuwa ya Kenya ya koloni, VP-U ya Uganda, VR-T ya Tanganyika. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na OO-C, na leo sisi ni 9Q. Ndege ikivuka mpaka, herufi zinabadilika, lakini namba ya kiwandani inabaki. Hata mbao zikioza na kitambaa kikichanwa na kushonwa upya mara kumi, ile namba ndiyo inayosema: ndege ni ileile. Kazi hii inataka uvumilivu na uaminifu. Wanahistoria wetu wengi, wanaoandika “miaka ya zamani” na “siku moja”, wangejifunza kitu pale.

Basi uzuri wake ndio huo. Sasa tuje kwenye ubaya.

Filamu ya Out of Africa ilitoka 1985, ikaongozwa na Sydney Pollack, ikapata Oscar saba. Wengi wetu tunakumbuka ile ndege ya manjano inayopita juu ya mabonde ya Kenya. Ile ni Gipsy Moth, mama wa Tiger Moth. Jeshi la anga la Uingereza nalo lilinunua Moth za namna hiyo kwa kufundishia. Ndege iliyoonekana kwenye filamu ina herufi G-AAMY. Ilitengenezwa Marekani 1929 kwa leseni ya Waingereza, na mwaka 2013 ikauzwa kwa mnada Paris. Haikuwa ya Denys Finch Hatton hata siku moja. Hata ndege yenyewe ilikuwa mwigizaji! Hakuna shida, filamu ni filamu. Ila tazameni jinsi dosie yake ilivyojaa: kiwanda, mwaka, wamiliki, filamu, mnada.

Ile ya kweli ya Finch Hatton ilikuwa G-ABAK. Tarehe 14 Mei 1931 ilipaa kutoka Voi, ikazunguka, ikaanguka na kuungua. Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na mnara wake uko pale mpaka leo. Watalii wanapelekwa kuuona. Lakini waliokufa Voi walikuwa wawili. Pamoja naye alikuwemo mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Hebu mtu aniambie maisha ya Kamau. Alizaliwa wapi? Aliacha watoto? Aliogopa kuingia katika ile ndege, ama aliipenda? Ndege ina namba yake, mota ina namba yake, na huyu mtu ana jina moja tu, tena jina ambalo Wakikuyu maelfu wanalo. Mwandishi anayeweza kutafuta miezi sita apate tarehe ndege ilipoandikishwa, hakupata siku moja ya kutafuta jina la baba yake Kamau?

Mtu atasema: makaratasi hayakuandika. Sawa, nakubali nusu. Makaratasi ya koloni hayakuandika watumishi. Lakini watu wa Kenya wapo, na ukoo unakumbuka. Aliyefuata karatasi peke yake alichagua asiulize watu, na kosa hilo si la makaratasi.

Roald Dahl ni mfano mwingine. Kabla ya kuwa mwandishi wa watoto alifanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya Shell. Vita vilipoanza 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga, akafundishwa kwenye Tiger Moth. Baada ya saa saba na dakika arobaini za mafunzo akaruka peke yake. Kitabu chake Going Solo, cha 1986, kinaeleza furaha ya kuruka juu ya tambarare na kuona wanyama chini. Kisha kinaleta hesabu nzito: kati ya wale aliojifunza nao Nairobi, ni watatu tu waliovuka vita. Nakisifu kitabu hiki. Dahl hafichi kwamba ile ndege ya kuchezacheza ilikuwa mlango wa kwanza wa kifo, na wapenzi wengi wa Tiger Moth hawapendi kulisema hilo. Wanaandika juu ya harufu ya mafuta na sauti ya mota, na wanasahau kwamba kazi ya ile ndege ilikuwa kutoa marubani wa kwenda kuua na kuuawa.

Tusogee karibu na nyumbani. Ng'ambo ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, iko Butiaba. Wazee wa Kasenyi wanaijua, juu meli za zamani zilikuwa zinapita pande zote mbili. Januari 1954 Ernest Hemingway na mke wake Mary walikuwa wanatembezwa kwa ndege ndogo, Cessna. Walikuwa wamepita hata Bukavu. Tarehe 23 ile Cessna iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, ikaanguka. Walilala porini, boti ikawaokota, ikawafikisha Butiaba. Pale piloti mwingine aliwangojea na ndege kubwa zaidi, de Havilland Rapide, yenye mota mbili na mabawa ya juu na chini. Ikakimbia kwenye kiwanja kibaya, ikashindwa, ikashika moto. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa chake. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kuandika kwamba amekufa. Mwaka uleule akapewa Nobel, na hakuweza kwenda kuipokea.

Rapide ni mfano mzuri wa maisha ya pili. Jeshi la Uingereza liliita aina hiyo Dominie, na kazi yake kubwa ilikuwa kufundishia watu wa redio na wa kuongoza njia. Baada ya vita, nyingi zikauzwa kwa raia duniani kote. Kampuni ya East African Airways ilipoanza Januari 1946, ilianza na Rapide sita. Maana yake, usafiri wa anga wa raia katika Afrika Mashariki ulianzia katika ndege za mbao na kitambaa zenye ukoo wa jeshi. Mbao na kitambaa: fikirini moto wa Butiaba ulivyokwenda haraka.

Na bado, nimesoma habari hiyo mara ngapi? Kila mara ni kichwa cha Hemingway, ini la Hemingway, wiski ya Hemingway. Butiaba inaonekana kama fasi bila watu. Nani alileta maji? Nani aliona moto kwanza? Nani aliwabeba? Hao walikuwepo, juu Butiaba ilikuwa bandari, si pori. Mwandishi aliandika habari zake mwenyewe, haki yake. Waliokuja nyuma yake wakarudia macho yake, wala hawakuvuka ziwa kuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwetu Ituri. Wapenzi wa ndege za mafunzo wanapenda kusema kwamba baada ya jeshi ndege hupumzika: klabu, shamba, makumbusho, filamu. Kwa Ulaya inaweza kuwa kweli. Kongo tuliona kinyume chake. Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya Kamina, wakafundishia marubani wao pale kwenye Harvard. Harvard haina mabawa mawili-mawili kama Tiger Moth, ina bawa moja la chini, lakini ni ndugu yake katika kazi: mwanafunzi akitoka kwenye Tiger Moth ama ndege kama hiyo, anapanda Harvard. Mwaka 1960 zile Harvard zikafungwa silaha. Katanga nayo ikatumia za namna hiyo. Halafu 1964, wakati wa Simba, ambao wazee wengine wanauita wakati wa Mulele, Marekani ikaleta T-28. T-28 nayo ilizaliwa kuwa ndege ya kufundishia marubani wa Marekani. Huku ilikuja na bunduki na roketi chini ya mabawa, na walioiendesha walikuwa Wakuba waliokimbia utawala wa Castro, wakilipwa na CIA.

Ni ndege hizo zilizofungua njia kwa mamluki wa Mike Hoare, walipopanda Machi 1965 wakianzia upande wa Bunia kwenda Aru mpaka Watsa. Na mwezi mmoja mbele ya hapo, tarehe 13 Februari 1965, ndege za serikali ya Kongo zilivuka mpaka na kupiga bomu Goli na Paidha, katika West Nile ya Uganda. Anayejua njia ya Mahagi anajua Goli iko wapi: ni mlangoni tu. Serikali ya Obote ilipiga kelele, ikailaumu Marekani.

Basi tafuteni T-28 katika maandishi ya wapenzi wa ndege. Mtakuta namba, mtakuta rangi, mtakuta majina ya marubani na idadi ya safari zao. Mtakuta hata mjadala mrefu juu ya alama zilizochorwa mkiani. Mtakuta kijiji kilichokuwa chini? Mara chache sana, na kikitajwa kinaitwa shabaha. Maisha ya pili ya ndege ya mafunzo yalikuwa kifo cha kwanza na cha mwisho cha watu wa huku. Mwandishi anayeita jambo hilo “kazi ya kuvutia baada ya kustaafu” anahitaji kukaa siku moja na mzee wa Aru ama Mahagi aliyekuwa na miaka kumi ile mwaka, aliyejifunza kutambua sauti ya mota kabla ya kuona ndege.

Msinielewe vibaya, sisemi waache. Mwaka 2016 matajiri wapenzi wa ndege hizi waliondoka kisiwa cha Krete na Tiger Moth, Stearman na nyingine, wakashuka mpaka Cape Town kwa kumbukumbu ya njia ya zamani ya Imperial Airways. Walitua karibu na piramidi za Giza, wakazuiliwa Gambela kule Ethiopia, wakapita Kenya, Tanzania na Zanzibar. Watoto wengi waliona kitu ambacho wasingekiona maishani, na hilo ni zuri. Lakini walipita juu ya bara zima wakitafuta alama za wazungu wa 1931, na bara lilikuwa limejaa alama nyingine.

Nani atalaumiwa? Nusu ni sisi. Chukueni mfano wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wabelgiji walipata kutoka kwa Waingereza ndege nne za Short za kutua majini, za mabawa ya juu na chini, wakaziunganisha karibu na Kalemie ya leo, wakaenda kupiga bomu Kigoma, wakiitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Hazikuwa za mafunzo, ila ni kati ya ndege za kwanza kabisa kuonekana Kongo. Ile meli Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Ikainuliwa 1924, ikaitwa Liemba 1927. Leo kila mtoto wa Kigoma anaijua. Imepona kwa sababu watu wa ziwa waliipanda, wakaizaa ndani, wakaisimulia. Zile ndege nne hazikubeba mtu wa ziwa hata mmoja kama abiria, basi hakuna aliyezisimulia, zikabaki katika vitabu vya Ubelgiji. Nasema hivi: chombo kinaishi mara ya pili kikiingia midomoni mwa watu wa fasi ile. Karatasi peke yake inakihifadhi tu kama dagaa kavu.

Mwaniuliza faida yake leo ni nini. Faida ni hii: sisi tunaishi ndani ya maisha ya pili ya ndege za watu wengine. Barabara ya Komanda tunaijua, ya Mahagi tunaijua. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa, na aliye na dola kidogo anachagua ndege. Na ndege gani? Miaka mingi anga ya mashariki imebebwa na Antonov na Let zilizozaliwa mbali, nyingi zikiwa zimekula chumvi nyingi kabla ya kufika kwetu. Antonov 26 ilibuniwa kubeba mizigo na askari wa jeshi la Kisovieti. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyafungia makampuni ya ndege ya Kongo anga yake. Abiria wa Murongo anauliza bei ya tiketi, anauliza kilo za mzigo, anafanya sala, anapanda. Ukimuuliza, “Ile ndeke ilikuwa ya nani mbele ya kufika huku?” atacheka, kama vile umeuliza kabila la mawingu.

Lakini swali lina jibu. Sheria ya kimataifa ya anga inataka kila ndege iwe na kibao cha chuma kisichoungua, kimebandikwa karibu na mlango mkuu, chenye herufi zake za utambulisho. Na ndani ya makaratasi yake mko namba ya kiwandani. Kwa namba ile, wale wafuatiliaji wa Ulaya wanaweza kukuambia ilizaliwa kiwanda gani, ilitumikia jeshi gani, ilipata ajali wapi. Elimu ambayo kwao ni mchezo wa Jumamosi, kwetu ingekuwa ulinzi wa mama anayepeleka mtoto kupasuliwa. Hapo ndipo nawasifu tena kwa moyo wote, na ndipo nawaomba wahitimu wetu wa sheria na wa uchumi: ombeni daftari la ndege za 9Q lisomwe na umma, liwe na mwaka wa kuzaliwa wa kila ndege. Hakuna siri ya taifa ndani ya umri wa ndege.

Na kwa wahitimu wetu wa historia, kazi ni nyingine. Wazungu wamefanya nusu ya kazi, wametuachia namba. Nusu iliyobaki hawawezi kuifanya, juu hawana Kilendu, Kihema, Kialur wala Kilugbara, na hawajui mlango wa kubisha. Nendeni Kasenyi, Aru, Mahagi, Mongbwalu. Ulizeni nani alikata majani ya kiwanja cha kwanza, nani alilipwa na nani alilazimishwa. Ulizeni fundi wa kienyeji aliyemimina petroli aliitwa nani. Ulizeni walijificha wapi wakati wa T-28. Andikeni jina la mtu, jina la baba yake, kijiji na mwaka, kwa uangalifu uleule ambao Mwingereza anaandika namba ya mota. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1965 leo amepita sabini, na mazishi tunayaona kila wiki.

Kamau wa Voi hawezi kuulizwa tena. Wa kwetu baadhi bado wanaota jua nje ya nyumba zao asubuhi. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani, aandike jina lake hapa chini, na kijiji chake. Tutaanzia pale.